Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: Linux ya mezani na ya seva kwa watengeneza tovuti wa Tanga

Haya maswali yananifikia karibu kila wiki, toka kwa vijana wa Ngamiani, Chumbageni, Makorora, wengine wa Muheza na Pangani huko, wanaotengeneza tovuti za gesti, za shule, za wauza machungwa na viungo, za watu wa utalii. Nimeyaweka pamoja hapa, mengine nimeyajibu kwa kirefu na mengine kwa kifupi maana hayana uzito sawa.

Kwani Linux ina nini cha maana kiasi hicho? Mi natengeneza tovuti tu.

Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, na tovuti yako ukishaipandisha hewani haikai kwenye Windows ndugu yangu. Sehemu kubwa sana ya seva za tovuti duniani zinaendeshwa na Linux, hata ile hostingi ya bei chee yenye cPanel unayolipia kwa mwaka, chini yake ni Linux. Sasa kama mezani unafanyia kazi mfumo mmoja alafu kazi inaenda kuishi kwenye mfumo mwingine, kila tofauti ndogo ya hiyo mifumo miwili utaigundua siku ya kukabidhi, mteja kakaa pembeni anakuangalia. Ukiwa na Linux mezani makosa yanajitokeza ukiwa kwako, una chai yako, unayarekebisha yanaisha. Kwangu mimi hiyo ndo sababu kubwa na inatosha hata zingine zisingekuwepo. Zingine zipo: ni bure kabisa, Linus Torvalds aliianzisha 1991 na mpaka leo kodi yake (yale maandishi ya programu) iko wazi kwa kila mtu, huhitaji kutafuta kraki, na vile virusi vinavyohama na flashi toka stationari moja hadi nyingine vimeandikwa kwa ajili ya Windows.

Laptopu yangu ni ya mtumba, RAM 4, itaiweza?

Itaiweza, ila chagua toleo jepesi. Linux Mint yenye Xfce (muonekano mwepesi wa mezani), au Debian yenye Xfce, zinatembea vizuri kwenye RAM 4. Kitakachokulemea ni brauza, ukifungua tabu ishirini hakuna Linux itakayokuokoa. Kama una hela kidogo ya kutumia, kabla hujawaza laptopu mpya toa ile diski ya kuzunguka weka SSD, utaona kama umebadilishiwa mashine nzima, na ikibaki ongeza RAM zifike 8.

Na hapa niseme kitu kinachoniuma. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) pamoja na prosesa za karibuni, kwa upande wa Intel ni kuanzia kizazi cha 8. Mashine nyingi zilizopo mikononi mwa vijana wetu hazifiki hapo, na watu wanaziuza kwa bei ya kutupa wakidhani zimekufa. Hazijafa. ThinkPad ya kizazi cha 5 au cha 6 ukiiweka Linux unafanyia kazi ya tovuti miaka mingi tu. Ila isafishe feni, joto la huku pwani mwezi wa kwanza na wa pili sio mchezo na vumbi likichanganyika na unyevu wa bahari linagandia ndani, mashine inapunguza spidi yenyewe ili isiungue alafu unailaumu Linux.

Nianze na ipi sasa, ziko nyingi mpaka nachanganyikiwa?

Mezani weka Mint kama umezoea Windows, au Ubuntu ukipenda. Kwenye seva weka Ubuntu LTS (toleo linalohudumiwa muda mrefu) au Debian, basi. Ubuntu LTS inatoka kila baada ya miaka miwili mwezi wa nne na inapewa masasisho ya usalama miaka 5, yaani hiyo 24.04 inakwenda mpaka 2029. Uzuri ni kwamba Mint 22 imejengwa juu ya hiyo hiyo Ubuntu 24.04, kwahiyo komandi unazojifunza mezani ndo hizo hizo utaandika kwenye seva. Usipoteze mwezi mzima unabadilisha matoleo kila wikiendi, chagua moja ufanye kazi.

Nifute Windows au niziweke zote mbili?

Kama bado kuna programu unaihitaji ya Windows, weka zote mbili. Kwanza toa bakapu ya vitu vyako kwenye diski ya nje, hilo halina mjadala, na kama Windows imefungwa na BitLocker (kufuli yake ya diski) nakili ule ufunguo wake wa dharura kabla hujagusa kitu. Ukimaliza utakuta saa ya Windows imerudi nyuma masaa matatu, usiogope, Linux inaandika saa ya ndani ya mashine kwa UTC (saa ya kimataifa), na Windows inaisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko mbele ya UTC kwa masaa 3. Kwenye Linux andika `timedatectl set-local-rtc 1`, urekebishe saa mara moja upande wa Windows, imeisha.

Bando! Hivi vitu si vinakula data sana?

Hili ndo swali la kwetu hasa, na wanaoandika maelekezo kutoka nchi zenye waya wa intaneti kila nyumba hawaligusi. Faili la Ubuntu ya mezani siku hizi linapita giga 5, la Mint linazunguka giga 3, na ile Debian ndogo ya netinst ni mega mia kadhaa tu ila vilivyobaki inavuta wakati wa kusakinisha. Kwahiyo shusha mara moja, usiku kwenye bando la usiku kama laini yako inalo, alafu lile faili litunze na mgawane na wenzako kwa flashi. Kabla ya kuligawa lihakiki: andika `sha256sum` na jina la faili, linganisha ile namba ndefu na iliyoko kwenye tovuti yao. Faili likishuka nusu nusu kwa ajili ya mtandao kukatika, usakinishaji unakufa katikati na hutojua kwanini.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui, ukisakinisha programu kwa `apt-get` badala ya ile `apt` fupi, vifurushi vyenyewe vinabaki kwenye `/var/cache/apt/archives`. Mwenzako mwenye toleo lile lile la Ubuntu anakopi hayo mafaili ya .deb, anayaweka kwenye folda hiyo hiyo kwake, anaandika komandi ya kusakinisha na mashine yake inayakuta hapo hapo, haishushi tena (mradi orodha zake zinataka toleo hilo hilo). Vijana watatu mnaokaa chumba kimoja mkifanya hivi mmeokoa hela ya kweli. Kwa npm (inayoshusha vifurushi vya JavaScript) tumia `npm install --prefer-offline`, itaanza kuangalia ilichokwishashusha zamani kabla ya kugusa mtandao. Na ukikloni mradi mkubwa wa mtu kwa Git kwa ajili ya kuusoma tu, weka `--depth 1`, unapata hali ya sasa bila historia yote ya miaka kumi.

Zima masasisho ya kujiendesha kwenye laptopu kama unatumia data ya simu, ila kwenye seva yaache yawashwe, data ya kule hailiwi kwenye bando lako.

Nimeweka Linux, Wi-Fi haionekani kabisa.

Chukua simu yako, iunganishe kwa waya wa USB, washa kushea intaneti kwa USB. Linux itaitambua kama mtandao wa waya bila draiva yoyote. Hapo ndo unashusha draiva ya Wi-Fi, kwenye Mint na Ubuntu kuna sehemu ya draiva za ziada inakutafutia yenyewe. Wenye kadi za Broadcom ndo huwa wanakutana na hili zaidi.

Photoshop je?

Haipo. Adobe hawatengenezi ya Linux. Kuna GIMP kwa picha, Inkscape kwa nembo na michoro, Figma inafunguka kwenye brauza kama kawaida. Kama kazi yako kubwa ni usanifu wa picha na wateja wanakutumia mafaili ya PSD kila siku, baki na Windows pembeni, sitakudanganya. Kama kazi yako ni kuandika kodi hutoikumbuka, VS Code ipo, Git ipo, PHP, Node, Python, MariaDB vyote unavipata kwa komandi moja moja.

Kwenye kompyuta yangu tovuti inaonekana safi, nikiipandisha picha nusu hazionekani. Seva mbovu?

Seva nzima kabisa. Hili tulikalie kidogo.

Chukua mfano tovuti ya loji ya Pangani. Mwenye loji kakutumia picha za kisiwa cha Maziwe, zimetoka kwenye kamera yake, jina la faili ni `Maziwe.JPG`, M kubwa na JPG zote kubwa. We kwenye kodi umeandika `maziwe.jpg`. Kwenye Windows hayo majina mawili ni faili moja, haijali herufi kubwa wala ndogo, picha inakuja na we unaendelea na mambo mengine. Ukipandisha kwenye seva ya Linux, `Maziwe.JPG` na `maziwe.jpg` ni vitu viwili tofauti na hicho cha pili hakipo, seva inajibu 404, mgeni anaona kiboksi kitupu mahali ambapo palitakiwa kuwa na mchanga mweupe na maji ya buluu, na ile ndo picha iliyotakiwa kumfanya abuku chumba.

Wengi wakifika hapo wanaanza kupandisha upya picha zote, bando linaisha, tatizo liko pale pale. Dawa ni kuwa na utaratibu: majina yote herufi ndogo, hakuna nafasi katikati, weka kistari, `maziwe-asubuhi.jpg`. Ukiwa na mzigo wa picha za kubadilisha kwa mkupuo, kwenye Linux kuna komandi ya `rename`, isakinishe kama haipo, ingia kwenye folda uandike `rename 'y/A-Z/a-z/' *` na zote zinashuka kuwa ndogo kwa sekunde moja. Na kama ungekuwa unafanyia kazi kwenye Linux tangu mwanzo, kile kiboksi kitupu ungekiona mwenyewe dakika ile ile uliyoandika jina vibaya. Nikisema meza na seva zifanane namaanisha vitu kama hivi.

Ndugu yake tatizo hili ni mwisho wa mstari. Skripti uliyoiandika Windows ukiipeleka kwenye seva inaweza kugoma na kosa lenye `^M` ndani yake, kwasababu Windows inamaliza mstari kwa alama mbili na Linux kwa moja. `dos2unix` inasafisha.

Jamaa kaniambia nikiona "permission denied" niweke chmod 777. Sawa?

Hapana, na tafadhali usimfundishe mwingine. Hizo namba ni kujumlisha tu: kusoma ni 4, kuandika 2, kuendesha 1. Namba ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ya kundi, ya tatu ni ya kila mtu mwingine. 777 maana yake mtumiaji yeyote wa ile seva, au programu yoyote iliyodukuliwa ndani yake, anaweza kuandika anachotaka kwenye faili lako, na hivyo ndivyo tovuti ya shule inavyokuja kuamka siku moja imejaa matangazo ya kamari. Folda ziwe 755, mafaili 644, lile faili lenye paswedi za hifadhidata libane zaidi. Kama WordPress inashindwa kupokea picha, tatizo huwa ni mwenye folda na sio namba, seva ya tovuti kwenye Ubuntu inatumia jina la `www-data`, kwahiyo mpe ile folda ya kupandishia picha tu: `sudo chown -R www-data:www-data` ukifuatiwa na njia ya folda (hiyo `sudo` inaendesha komandi kwa ruhusa ya mkuu wa mfumo).

Naweza kuweka seva nyumbani, nina kompyuta ya ziada?

Kwa kujifunzia weka, ni shule nzuri sana. Kwa mteja anayelipa usiweke. Umeme ukikatika tovuti imelala, na laini nyingi za data za simu hazikupi anwani ya IP ya peke yako, mnachangia moja watu wengi, kwahiyo aliye nje hana njia ya kubisha hodi kwenye mashine yako. Kodi VPS, yaani seva ya kupanga kwa mtoa huduma. Kuhusu iwe wapi, usiangalie bei tu, wateja wako kama wengi wako Tanzania, pima kwanza umbali kwa `ping` kwenye anwani za majaribio za hao watoa huduma, pima jioni watu wakiwa wengi mtandaoni. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar 2009 na EASSy ukafuata 2010, toka hapo data zetu za nje zinapita huko chini ya bahari, na njia ya kwenda Ulaya na ya kwenda Afrika Kusini hazina urefu sawa. Kipimo chako mwenyewe ndo cha kuamini.

VPS ya RAM 1 inatosha?

Kwa tovuti moja mbili ndogo inatosha, ukiongeza swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa). Bila swap, siku watu wakiingia wengi kumbukumbu inajaa na kernel (kiini cha Linux) inachagua programu ya kuua, mara nyingi inaua MySQL au MariaDB kwasababu ndo imekula nyingi, na wewe unaona ujumbe wa kushindwa kuunganisha hifadhidata. Komandi ni nne: `sudo fallocate -l 2G /swapfile`, `sudo chmod 600 /swapfile`, `sudo mkswap /swapfile`, `sudo swapon /swapfile`. Alafu iandike kwenye `/etc/fstab` ili ikiwashwa upya irudi yenyewe.

Nimepewa seva mpya, naanza na nini?

Funga milango kwanza. Seva ikishapata IP ya wazi roboti zinaanza kujaribu paswedi muda si mrefu, na hazijali kwamba tovuti yako ni ya duka dogo la Barabara ya Taifa. Tengeneza mtumiaji wako wa kawaida mwenye sudo, uache kuingia kwa root, yule mkuu wa mfumo. Kwenye laptopu yako andika `ssh-keygen -t ed25519`, peleka ufunguo wa wazi kwenye seva kwa `ssh-copy-id`, hakikisha unaingia bila paswedi, ndo uzime kuingia kwa paswedi kwa kuweka `PasswordAuthentication no` kwenye `/etc/ssh/sshd_config`. Angalia na folda ya `sshd_config.d` pembeni yake, mara nyingi kuna faili humo limeandika yes na hilo ndo linashinda. Ukishaiwasha upya SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) usifunge dirisha ulilonalo, fungua la pili ujaribu kuingia, likikubali ndo ufunge la kwanza.

Kwenye ufw (ukuta wa kuzuia wasioruhusiwa) vile vile mpangilio ni muhimu: `sudo ufw allow OpenSSH` inatangulia, alafu `sudo ufw allow 80,443/tcp`, mwisho kabisa `sudo ufw enable`. Ukiwasha kabla ya kuruhusu SSH unaweza kujifungia nje ya seva yako.

Umeme au mtandao ukikatika nikiwa katikati ya kazi kwenye seva?

Tumia tmux, hii ni programu ambayo mtu wa Tanga angezaliwa nayo. Ukiingia kwenye seva andika `tmux new -s kazi`, fanyia mambo yako humo. Laini ikikatika, kazi inaendelea kule kule kama hakuna kilichotokea, hata kama ulikuwa katikati ya kuhamisha hifadhidata nzima. Ukirudi hewani baada ya nusu saa au kesho yake unaandika `tmux attach -t kazi` unakuta kila kitu pale ulipokiacha. Bila hiyo, laini ikikatika komandi iliyokuwa inakimbia kwa kawaida inakufa nayo, na kusasisha mfumo kukikatishwa nusu njia ndo chanzo cha vilio vingi.

Apache au Nginx?

Hizi ni programu za seva zinazowapa wageni kurasa za tovuti, na zote nzuri. Kama tovuti yako inategemea mafaili ya `.htaccess`, kama WordPress nyingi, Apache itakurahisishia maana Nginx haiyasomi kabisa. Nginx, aliyoitoa Mrusi Igor Sysoev mwaka 2004, inakula RAM kidogo watu wakiwa wengi, kwahiyo kwenye VPS ndogo mimi naipenda zaidi.

Ile kufuli ya HTTPS nalipia?

Hulipii. Let's Encrypt wanatoa bure, sakinisha certbot, cheti chao cha kawaida kinadumu siku 90 na certbot inakihuisha yenyewe. Jaribu kama itaweza kweli kwa `sudo certbot renew --dry-run`, usisubiri mteja akupigie simu kwamba brauza inamwambia tovuti yake ni hatari.

Nimeweka kron (kazi ya kujiendesha kwa saa) ya bakapu saa nane usiku, mbona inakimbia alfajiri?

Kwasababu seva nyingi zinakuja na saa ya UTC. Umeandika 2 ukimaanisha saa nane usiku, seva imesoma saa 2 ya UTC ambayo huku kwetu ni saa kumi na moja alfajiri. Ama uandike 23, ama ubadilishe saa ya seva: `sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, kisha uiwashe upya huduma ya kron ili nayo ijue.

Na maadam tumegusa bakapu: hifadhidata itoe kwa `mysqldump --single-transaction`, alafu uivute pamoja na mafaili kwa `rsync -avz --partial` mpaka kwenye mashine nyingine. Rsync inatuma kilichobadilika tu, na mtandao ukikatika inaendelea na faili kubwa pale lilipoishia badala ya kuanza upya. Bakapu iliyokaa kwenye seva ile ile inakufa na seva ile ile. Na kila baada ya muda ichukue, irudishe kwenye laptopu yako, ufungue tovuti uone kama inawaka. Una Linux mezani, hilo ni zoezi la nusu saa.

Domeini nisajili kwa jina langu au la mteja?

La mteja, siku zote. Iwe .co.tz au .com, jina na simu na barua pepe viwe vyake, we baki kama fundi. Nimeona wazee wenye biashara zao za miaka mingi wanakosa anwani yao ya mtandaoni kwasababu kijana aliyewatengenezea kahamia mji mwingine na simu haipatikani, wanaanza upya kuchapisha mpaka vipeperushi. Ukikabidhi kazi mpe na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono au kuchapwa: domeini imesajiliwa wapi na inaisha lini, seva iko kwa nani na inalipiwa tarehe ngapi, bakapu ziko wapi, na mtu mwingine wa kumpigia kama wewe hupatikani.